Muulizeni wa Usiku

*Hotuba kwa waliomaliza mafunzo ya kutunza wagonjwa nyumbani, Katuba, Lubumbashi*

Bamama, bapapa, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnangoja kukimbia, jambo yenu wote.

Asanti kwa kuniita. Nimeombwa niseme maneno machache kabla hamjaenda kuanza kazi. "Yaya, uwatie moyo," ndivyo nilivyoambiwa; yaya kwetu ni dada mkubwa. Nitawatia, lakini maneno ya sukari mtayapata kwa watu wengine. Mimi nimefanya kazi hii tangu 2006, na viatu vyangu vinajua njia za mji huu kuliko dereva wa taksi.

Wiki ijayo mtabisha hodi kwenye lupango, yaani nyumba na uwanja wake, la watu msiowajua. Wengine huko Golf, wengine Bel-Air, wengine hapa hapa Katuba kwa mzee ambaye watoto wake wako Ubelgiji na Afrika Kusini na wanatuma pesa kila mwezi. Ndani mtamkuta mgonjwa. Kumtunza mgonjwa mmekwisha kujifunza: kumgeuza kila saa mbili ili asitoke vidonda vya mgongo, kumkalisha wima anapokula, kuosha mikono kabla na baada. Sirudii hayo. Lakini ndani ya lupango lile kuna watu wengine ambao hawakutajwa kwenye masomo: sentineli wa mlangoni, mpishi, dereva, msichana wa kufua, mwenzako wa zamu ya usiku, na mara nyingi kuna mpwa fulani aliyekuja kwa wiki moja mwaka wa juzi na bado yupo.

Nilipokuwa naingia, dada mmoja amenikamata mkono hapo nje akaniuliza taratibu: "Yaya, wale tutakaowakuta kazini, niwaamini?" Nimemwambia angoje nifike mbele. Sasa nimefika, lakini jibu haliwezi kuwa fupi, kwa sababu mimi mwenyewe nimelikosea mara mbili, kila mara upande wake.

Mara ya kwanza niliamini.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa ya bibi mzee aliyepooza upande mmoja. Siku ya kwanza, kabla sijaweka mkoba wangu chini, alinipokea mwanamke mmoja aliyekuwa akifanya kazi mle. "Karibu mama. Weye njo mupya? Kuya, nikuonyeshe. Hapa tutasaidianaka." Alinipa chai. Akanikatia kipande cha mkate. Akaniambia nani mbaya mle ndani, nani mchoyo, nani analala na mlango wazi ili asikie wafanyakazi wanavyosema. Mimi niliyetoka nyumbani na hofu tumboni, nikasema Mungu amenipa dada. Siku ya tatu na mimi nikafungua mdomo. Nikasema mkwe wa nyumba ile anapima sukari kama anapima dhahabu. Tukacheka.

Siku ya Ijumaa mkwe aliniita sebuleni. Alirudia maneno yangu yote, hata kile kicheko.

Hilo ni dogo. Kubwa lilikuja mwisho wa mwezi. Dereva alileta pampasi za bibi, pakiti 12, na karatasi ya kuweka sahihi. Yule dada yangu akasema, "Weka tu sahihi, mama, tunajuana." Niliweka. Sikuhesabu. Baada ya siku kumi pakiti zimekwisha, na kwa hesabu ya matumizi zilipaswa kubaki nne. Karatasi ina jina la nani? Langu. Pakiti nne zilikatwa kwenye mshahara wangu. Mpaka leo sijui kwa hakika nani alizitoa, na sitamtaja mtu wala nyumba. Nasema tu kwamba nilirudi kwangu jioni ile na nusu ya pesa niliyowaahidi watoto, na njia nzima nilikuwa najisemea: kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo kwa wale ambao mna moyo mwepesi kama niliokuwa nao, sikilizeni.

Mtu anayekuja kwako siku ya kwanza na habari mbaya za kila mtu, inyweni chai yake, mshukuruni, msimjibu. Huenda ni mtu mwema anayependa kusema. Wapo wengi, hata mimi ni mmoja wao. Lakini hujamjua bado, na lile analokuambia juu ya wengine ndilo atakalowaambia wengine juu yako. Ukilazimishwa kutoa maoni, uliza jambo la mgonjwa: "Na bibi, usiku analala vizuri?" Hakuna mtu atakayekuchukia kwa swali hilo.

Usiweke sahihi kwenye kitu ambacho hujakihesabu kwa mkono wako, hata kama dereva anapiga honi nje. Maziwa ya unga, dawa, sabuni, mashuka, hesabu mbele ya yule anayekukabidhi. Akikasirika, mwambie ndivyo ulivyofundishwa, uniwekee mimi lawama. Mtu mwaminifu hukasirika dakika moja, kisha anasaidia kuhesabu.

Mtoto wa mgonjwa akija kutoka safari akakupa noti ya dola mkononi, "ya sabuni," pokea kwa mikono miwili na useme kwa sauti jikoni kwamba umepewa. Ukiificha, itaonekana tu, nayo itakuwa imeongezeka mara tano katika midomo ya watu. Likelemba nayo, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu: mwezi wa kwanza wakikualika, sema utaingia mwezi wa tatu. Ukitaka kujua kama kikundi kinalipana, angalia sura ya yule anayengoja zamu yake.

Na simu. Zamani neno lilitembea kwa miguu, ukapata nafasi ya kulikimbiza. Leo unatuma audio kwenye WhatsApp ukiwa umechoka na umekasirika, na kesho yake sauti yako mwenyewe inasikika sebuleni kwa patroni, yaani mwajiri wako. Picha ya mgonjwa usipige, hata akiwa amevaa vizuri, hata akikuomba, mpaka familia imekubali. Hapo sina maelezo zaidi.

Jambo moja la sheria, kwa sababu wenzenu watawatisha nalo. Mtaambiwa na mtu ambaye si mwajiri wenu: "Weye uko bado ku esei, nyamaza." Esei, yaani muda wa majaribio, ina mipaka. Kanuni ya kazi ya nchi yetu, sheria namba 015 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema majaribio hayapiti mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ujuzi maalum, wala miezi sita kwa wafanyakazi wengine. Na mapatano yaandikwe. Ombeni karatasi kwa adabu siku ya kwanza, si siku ya kugombana. Najua nyumba nyingi hazitawapa. Ombeni hata hivyo.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo sipendi kuisema.

Baada ya ile nyumba ya pampasi nilikuwa mtu mwingine. Nilijifunga. Nilijiambia sitakula kipande cha mtu, sitamwuliza mtu kitu, nitafanya kazi yangu na kwenda. Nikaingia nyumba ya pili hivyo, nikiwa nimekunja uso kama polisi wa njiani. Mgonjwa alikuwa nkambo mmoja, yaani babu, mwenye ugonjwa wa sukari, anayechomwa sindano ya insulini asubuhi na jioni. Muguzi alikuwa amenifundisha kuchoma, nilikuwa najua kipimo, nilikuwa najua mahali. Zamu ya usiku ilikuwa ya kijana mmoja. Tangu siku ya kwanza nilimwona anaongea sana, nikamweka kwenye kundi la yule dada wa chai. Asubuhi nikifika saa kumi na mbili, ninamsalimia, "Jambo," ananijibu, anachukua koti lake, anaondoka. Nilijisifu: huyu hatanipata.

Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ile ya kwetu inayokufanya uvae sweta mbili. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, makala, yaani mkaa, yalikuwa na unyevu, uji wa nkambo haukuwa tayari. Kijana alikuwa amemchoma sindano mapema, akitegemea uji uko karibu. Nilipofika alifungua mdomo aniambie. Ninakumbuka vizuri. Alisema, "Yaya, leo..." Na mimi nikapita, nikaenda kuvua koti. Nikamwonyesha mgongo. Akaondoka.

Saa kumi na mbili na robo nilimchoma nkambo sindano nyingine.

Hamkuja hapa kusikia mimi ni mtunzaji mzuri, basi sikieni hivi. Uji ulichelewa tena. Nilipomletea, jasho lilikuwa linamtoka usoni kwenye baridi ile. Mkono ulikuwa unatetemeka. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Hapo ndipo moyo wangu ulianguka. Alikuwa bado anameza, nikamnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko, nikapiga kelele sentineli akaita gari. Mnakumbuka mlivyofundishwa: sukari mdomoni ni kwa yule anayeweza kumeza tu, aliyezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Njiani nilikuwa namsemesha asilale. Alipona. Jioni alikuwa anakula na kumgombeza mpishi kwamba mboga haina chumvi.

Yule kijana hakufanya uongo wala fitina. Alitaka kusema, na mimi nikaona ukimya wangu ni akili. Nilidhani najilinda, kumbe nilikuwa nimemweka nkambo katikati, yeye ndiye aliyepigwa.

Nilisema ukweli kwa familia siku ile ile. Nilikuwa nimekwisha kufunga mkoba, nikijua nafukuzwa. Aliyenizuia ni nkambo mwenyewe. Alisema, "Acheni huyu abaki. Lakini kesho nitamfundisha posti."

Posti ni zamu ya kiwandani; nyinyi vijana huenda neno hilo hamlisikii sana. Baba zenu wanalijua. Nkambo alikuwa ameanza kazi angali kijana wakati wa Union Minière, kampuni ya shaba ya wakoloni, akaendelea Gécamines iliyoirithi, akatoka mwaka 2003 katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari ambao zaidi ya watu 10,000 waliondoka nao. Walipokuwa kazini, hospitali ilikuwa ya kampuni. Walipotoka, ugonjwa ukawa wa nyumbani, ukawa wa watoto wao, na sisi tukapata kazi. Sisemi hivyo kwa kufurahi. Ni kwamba wengi wa wazee mtakaowatunza katika mji huu wametoka mle, na wanajua jambo moja ambalo shule yetu haikulitilia nguvu ya kutosha.

Kesho yake akanikalisha. Akaniuliza kama najua bomba lile refu la moshi, la tanuri la shaba. Nani hajui? Shaba ya kwanza iliyeyushwa pale mwaka 1911, na kile kilima cheusi cha mabaki tunakiona kila siku hata tunasahau kukiona. Akasema: "Tanuri halizimwi kwa sababu watu wamebadilishana. Mimi wa posti ya usiku siondoki mpaka wewe wa asubuhi umefika, umesimama mbele yangu, umesikia: joto liko wapi, nini kimeingia, nini kimekataa, nini kimebaki. Na wewe unanirudishia maneno yangu. Nilifanya miaka kadhaa na mtu mmoja ambaye tulichukiana kwa ajili ya mwanamke. Hatukuwahi kunywa pamoja hata munkoyo. Lakini posti tulipeana kila siku, neno kwa neno, maana tanuri halikuuliza kama tunapendana."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanituma ninunue daftari.

Ofisini wanaita jambo hili remise-reprise, yaani kukabidhiana, na wanalifanya kwa ajili ya meza na funguo za gari. Sisi tunalifanya kwa ajili ya mtu mwenye pumzi. Daftari lile lina mstari kwa kila saa: amekula nini na kiasi gani, amekunywa, amekwenda haja, amegeuzwa upande gani, dawa ipi, saa ngapi, mkono wa nani. Halafu wawili mnasimama mbele ya mgonjwa, yule anayetoka anasema, yule anayeingia anarudia. Dakika tano. Mtu asiyeandika vizuri aseme, mwenzake aandike. Na mgonjwa anayesikia anawasahihisha, wazee wetu wanapenda sana kusahihisha.

Angalieni daftari hilo linafanya nini kwa ile hofu yenu ya wenzenu. Mwenye fitina hapati la kusema, kwa sababu kila kitu kimeandikwa saa na mkono. Mwenye wizi anajua pakiti zimehesabiwa jana jioni na zitahesabiwa leo asubuhi. Na mtu mwema, yule ambaye ulikuwa unamdhania mbaya, ana mahali pa kukuambia "Yaya, leo nimemchoma mapema." Hukulazimika kumpenda. Hukulazimika kumsimulia habari za mume wako. Yule kijana tulifanya naye miaka minne baada ya pale na siku za kwanza tulizungumza juu ya sukari, mkojo na uji tu. Urafiki ulikuja wenyewe, polepole, mpaka nikaenda kumsimamia harusi.

Dada uliyenikamata mkono, uko wapi? Ninakuona. Mambo yako, pesa yako, nyumba yako, uchungu wako juu ya patroni: hayo yafunge, mpaka umeona mtu anavyofanya katika miezi, si katika siku. Mambo ya mgonjwa: hayo sema kwa mtu yeyote wa zamu, hata kama jana alikutukana. Mimi nilifanya kinyume katika nyumba zote mbili.

Kuna swali moja naliona kwenye macho yenu: na kama mwenzangu ndiye anayemdhuru mgonjwa? Niseme kwa mfano wa mbabula, lile jiko la makala, kwa sababu baridi inakuja na litawapata. Mtakuta mwenzako wa usiku ameingiza mbabula yenye makala mekundu chumbani kwa mzee na kufunga dirisha, kwa huruma kabisa, ili mzee asisikie baridi. Ile hewa ya makala haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa wamelala. Hapo hutaki kuonekana mjuaji, wewe mupya wa siku mbili. Hutaki kumchongea mtu. Ninawaelewa. Itoe mbabula nje kwanza, kwa mkono wako, fungua dirisha, ndipo useme. Mwambie yeye mwenyewe, palepale, bila watu: "Yaya, hii inaua, tumwongezee blanketi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa." Wengi watakushukuru kwa sababu hawakujua. Andika kwenye daftari. Akirudia, ambia familia, na umwambie yeye kwamba unaiambia familia, asikie kutoka kwako. Wengine watakuita mtu wa kuchonga maneno. Nimeitwa hivyo. Kuna nyumba moja walinyamaza nikipita kwa wiki mbili nzima. Nilikuwa naimba peke yangu nikiosha vyombo.

Lakini sukari iliyopungua kwenye kopo, mpishi anayekuja saa moja kasoro, msichana wa kufua anayeongea na mchumba wake dirishani, hayo si mbabula. Usiyabebe kwenda kwa patroni ili upendwe. Nimewaona wapya walioanza hivyo. Patroni aliwasikiliza vizuri sana, na hakuwaamini tena hata yeye, maana alijua sasa mdomo wao ukoje.

Nimeambiwa niongee dakika ishirini na nadhani nimeiba kumi. Mama anaangalia saa. Ngojeni, bado kitu kimoja, sitaki muondoke mmenisikiliza tu.

Wewe papa wa shati la bluu, na wewe dada yangu wa kunikamata mkono, kujeni mbele. Hapana, usione haya. Mnajuana? Vizuri zaidi, hamjuani. Kiti hiki ni nkambo, ana miaka sabini na kitu, ana sukari, na leo ana hasira. Papa, wewe umelala naye usiku mzima, umechoka, unataka kwenda kwako Ruashi, taksi ziko mbali na baridi ni kali. Dada, wewe umefika sasa hivi. Usivue koti. Simama mbele yake, shika daftari hili.

Papa, anza. Amechomwa saa ngapi?